Jinsi ya kuchagua kisomaji cha makundi ya Usenet kwa kompyuta ya nyumbani

Tangu tarehe 22 Februari 2024, Google Groups haipokei wala haionyeshi makala mpya za Usenet, ule mfumo wa zamani wa makundi ya majadiliano mtandaoni. Za zamani bado unaweza kuzitafuta humo, lakini anayetaka kufuata mazungumzo ya leo kwenye comp.lang.c, sci.math au rec.arts.sf.written anahitaji vitu viwili: seva inayobeba makundi hayo, na programu ya kuyasomea kwenye kompyuta yake. Seva hupatikana kirahisi. Programu ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu orodha nyingi zinazozunguka mtandaoni zimepitwa na wakati. Zinakuelekeza kwenye programu ambazo watengenezaji wake waliziacha zamani, au kwenye zile za kupakulia faili ambazo hazina hata pa kuandikia jibu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kusoma mazungumzo na kushiriki. Kipimo changu kikuu nakitaja mapema ili ujue ninakoegemea: kisomaji kizuri ni kile kinachokuwezesha kuruka usichokitaka kwa haraka bila kukosa unachokitaka. Kuonyesha makala, karibu kila programu inaweza. Tofauti hujitokeza kundi linapokuwa na makala mia nne ambazo hujazisoma, nawe una nusu saa tu.

Usenet inavyofanya kazi, kwa kiasi unachohitaji

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Haina makao makuu. Kila seva huhifadhi nakala zake za makala na kubadilishana na seva jirani, na programu yako huongea na seva moja tu kwa itifaki iitwayo NNTP, iliyowekwa mwaka 1986 katika waraka wa RFC 977 na kuandikwa upya mwaka 2006 katika RFC 3977.

Kutokana na mpangilio huo kuna mambo mawili ya kukumbuka, maana yatarudi huko mbele. La kwanza: kila makala ina kitambulisho kimoja, Message-ID, kinachofanana duniani kote, lakini pia ina namba ya mfululizo ambayo kila seva hujipangia yenyewe. Makala ambayo kwangu ni namba 4521, kwako kwenye seva nyingine inaweza kuwa 98. La pili: ukifungua kundi, programu haipakui makala nzima nzima. Huomba kwanza muhtasari, yaani mada, jina la mwandishi, tarehe, Message-ID, orodha ya makala zilizotangulia kwenye uzi (yaani makala ya kwanza na majibu yake yote), ukubwa kwa baiti na idadi ya mistari. Mwili wa makala huja pale tu unapoifungua.

Hatua ya 1: Unasoma au unapakua?

Usenet ina watu wa aina mbili ambao karibu hawakutani. Wapo wanaosoma na kuandika, na wapo wanaoshusha faili kubwa kutoka makundi ya alt.binaries. SABnzbd na NZBGet zimetengenezwa kwa ajili ya hao wa pili: unazipa faili ya NZB, yaani orodha ya vipande vya kitu unachokitaka, zinakusanya vipande hivyo, zinarekebisha vilivyoharibika kwa kutumia faili za ukarabati ziitwazo PAR2, kisha zinakukabidhi kitu kizima. Hazina habari na uzi wala jibu. Ukikuta zimetajwa kama visomaji bora vya makundi, orodha hiyo haikuandikwa kwa ajili yako.

Hatua ya 2: Tafuta seva kabla ya programu

Wengi huanza na programu, wakafika kwenye dirisha linalouliza jina la seva, wakakwama hapo hapo. Zamani kampuni zinazouza intaneti zilikuwa na seva zao za makundi na wateja wao walizitumia bila malipo ya ziada. Nyingi zimeshazifunga. Hata Duke, kulikoanzia yote, walizima seva yao mwaka 2010.

Kwa msomaji wa maandishi, njia nyepesi ni Eternal September: inabeba makundi ya maandishi tu, na akaunti ni ya bure ukijiandikisha. Zipo pia seva za kulipia, lakini nyingi huuza zaidi kwa wapakuaji wa faili, na sifa wanayoitangaza, yaani miaka mingi ya kuhifadhi faili kubwa, haikuhusu.

Ukishapata akaunti, andika mahali jina la seva, namba ya poti, jina la mtumiaji na nywila. Kuhusu poti: 563 ni ya muunganisho uliosimbwa kwa TLS, itifaki ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani, tangu sekunde ya kwanza. 119 ni ya jadi, na usipowasha usimbaji baada ya kuunganishwa, nywila yako husafiri wazi. Tumia 563 kila seva inapoiruhusu, na Eternal September inairuhusu.

Hatua ya 3: Ondoa zisizofaa kwanza

Usianze kwa kulinganisha uzuri. Anza kwa kutupa nje kila programu inayoanguka katika lolote kati ya haya.

TLS. Programu isiyojua TLS ya kisasa haifai kuingizwa nywila. Hapa ndipo baadhi ya majina makubwa ya Windows yanapotoka, kama Xnews na 40tude Dialog. Mashabiki wake wapo hadi leo, na ukweli ni kwamba zilikuwa programu stadi sana, lakini maendeleo yake yalisimama miaka mingi iliyopita. Kuna anayeziwekea mbele programu nyingine iitwayo stunnel ili isimbe kwa niaba yake, na inafanya kazi. Kwa mgeni sioni sababu ya kuanzia huko.

Herufi. Lazima isome na kuandika UTF-8, mfumo wa kuwakilisha herufi za lugha zote, kwenye mwili wa makala na kwenye mada pia. Kiswahili hakitumii herufi zenye vistari wala nukta za ziada, kwa hiyo mtu anaweza kutumia programu mbovu kwa miezi bila kugundua. Siku anapomjibu mtu mwenye jina la Kijerumani au Kirusi, ndipo jina linageuka msururu wa alama za kuuliza, na aliyeandikwa hivyo analiona mbele ya kundi zima.

Nyuzi. Kila jibu hubeba mstari uitwao References wenye Message-ID za makala zilizolitangulia. Kisomaji sahihi huunga uzi kwa mstari huo. Vingine huunga kwa mada tu. Matokeo yake ni kwamba swali jipya lenye mada fupi kama “Help” linabandikwa chini ya uzi wa miaka mitatu iliyopita wenye mada hiyo hiyo, na mjadala ambao mada yake ilibadilishwa katikati unakatwa vipande viwili. Kwenye baadhi ya programu hili ni chaguo unaloweza kulibadilisha kwenye mipangilio, basi kagua kabla ya kuitupa.

Maandishi matupu. Makundi ya mazungumzo ni ya maandishi bila mapambo. Lazima uweze kuzima HTML kabisa kwa akaunti ya makundi, hata kama barua pepe zako unaziandika kwa rangi na herufi nzito.

Anwani. Unachoandika kwenye mstari wa From kinasambazwa kwenye seva nyingi, na wakusanyaji wa anwani hukipitia. Programu ikuruhusu kuweka utambulisho wa makundi ulio tofauti na wa barua pepe. Wengi hutumia anwani inayoishia na .invalid, tamati iliyotengwa rasmi mwaka 1999 ili isije ikawa ya mtu yeyote. Angalia tu masharti ya seva yako, kwani si zote zina msimamo mmoja kuhusu anwani za bandia.

Hatua ya 4: Pima inavyokusaidia kuruka

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi.

Anza na vidole. Unahitaji kusoma kundi zima bila kugusa kipanya. Kwenye Pan na slrn, visomaji nitakavyovieleza katika Hatua ya 5, kitufe cha spesi kinashusha ukurasa, kikifika mwisho kinakupeleka makala inayofuata ambayo hujaisoma. Unakaa umeegemea kiti na kidole kimoja kinafanya kazi. Thunderbird inatumia herufi: N kwenda makala inayofuata ambayo haijasomwa, T kwenda uzi unaofuata. Si vibaya. Ila programu ikikulazimisha kubofya kila makala, utachoka nayo haraka hata kama inapendeza machoni.

Kisha, kupuuza uzi. Bonyeza kitufe kimoja na uzi mzima utoweke, pamoja na majibu yatakayokuja kesho. Thunderbird inatumia K kwa kupuuza na W kwa kufuatilia. Lililo muhimu zaidi, ambalo watu husahau kulijaribu, ni kupuuza tawi moja la uzi. Mjadala wa makundi haya mara nyingi huanza vizuri: swali kuhusu kikusanyaji cha lugha ya C, majibu mawili ya maana, halafu jibu la tatu linaingiza siasa na watu sita wanamvamia mwandishi wake. Ukipuuza uzi wote umepoteza yale majibu mawili na yatakayoyafuata. Ukikata tawi la tatu peke yake, uzi unaendelea kuwa na faida. Thunderbird inaliweza hili pia, kwa Shift na K.

Baada ya hapo kuna tofauti kubwa kati ya kuzuia na kupima kwa alama. Kuzuia ni ndiyo au hapana: makala ya fulani isionekane. Alama ni hesabu: kila kanuni inaongeza au kupunguza, kisha jumla ndiyo inayoamua. Huu hapa mfano wa faili ya alama ya slrn:

[comp.lang.*]
Score: 500
  From: mjuzi@mfano\.invalid

Score: -300
  Subject: siasa

Score: =-9999
Expires: 31-12-2026
  Subject: pesa za haraka

Mabano ya juu yanasema kanuni hizi zinahusu makundi yote yanayoanza na comp.lang. Kanuni ya kwanza inampandisha mwandishi mmoja. Ya pili inashusha kila mada yenye neno “siasa”. Ya tatu ina alama ya usawa, maana yake hesabu ikome hapo na makala ipewe -9999, yaani itoweke. Sasa tuseme yule mjuzi ameingia kwenye uzi wa siasa: 500 toa 300 inabaki 200, na makala yake utaiona ilhali za wengine kwenye uzi huo zimezama chini. Orodha ya kuzuia haiwezi hilo. Ukizuia uzi umemzuia na yeye.

Pan inatumia mantiki ile ile kwa madirisha na vitufe badala ya faili unayoiandika kwa mkono, na kipimo chake kinatoka -9999, makala iliyopuuzwa, hadi 9999, makala inayofuatiliwa. Gnus, kisomaji kingine, imekwenda mbali zaidi: ina alama zinazojirekebisha zenyewe kwa kuangalia unachosoma na unachokiruka. Watu wengine wanaipenda hiyo. Mimi napendelea kanuni ambazo nimeziandika mwenyewe, maana kitu kikitoweka najua kwa nini kimetoweka.

Zingatia pia mstari wa Expires katika mfano. Kanuni isiyo na tarehe ya mwisho hubaki milele, na ugomvi wa wiki mbili unaendelea kukufichia makala miaka mitano baadaye. Programu inayokuwekea tarehe ya kuisha kanuni, hata ya siku thelathini tu, inastahili pongezi. Nyuzi zikate bila huruma. Watu wazuie kwa uangalifu, kwa sababu mtu anayechosha kwenye kundi moja mara nyingi ndiye mwenye jibu kwenye kundi jingine.

Sasa rudi kwenye lile suala la muhtasari. Kanuni zinazoangalia mada, mwandishi, tarehe, ukubwa au idadi ya mistari ni za haraka kwa sababu taarifa hizo zimeshafika. Kanuni inayotafuta neno ndani ya mwili wa makala, au mstari wa kichwa (header) ambao haumo kwenye muhtasari, inailazimisha programu kuomba mengine zaidi kutoka kwenye seva kwa kila makala. Kundi linalofunguka kwa sekunde mbili linaanza kuchukua dakika. Ukiona kisomaji chako kimekuwa kizito ghafla, tafuta kanuni ya namna hiyo kabla ya kuilaumu seva.

Hatua ya 5: Zilizobaki uwanjani

Thunderbird ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza, iwe Windows, Mac au Linux. Ni ya bure, inaendelezwa, huenda tayari unaitumia kwa barua pepe, na makundi yanakaa kwenye orodha ile ile ya kushoto. Ina vichujio, ina K na W, ina usomaji bila mtandao. Haina alama. Kwa makundi matano hutaikosa. Ukifika ishirini au thelathini utaanza kuona unafanya kazi ambayo programu ingeifanya. Kumbuka kuingia kwenye mipangilio ya akaunti ya makundi, sehemu ya uandishi, uondoe tiki kwenye HTML. Hili linafanyika kwa kila akaunti peke yake, kwa hiyo kuzima kwenye barua pepe hakusaidii. Betterbird imechipuka kutoka Thunderbird na inafanana nayo karibu katika kila jambo. SeaMonkey ni ya ukoo huo huo, kwa sura ya zamani, na wapo wanaoipenda hasa kwa hiyo sura.

Pan ni chaguo langu kwa mwenye Linux anayetaka madirisha. Ilitengenezwa kwa ajili ya makundi na haijaribu kuwa kitu kingine. Ina alama, inaunganisha zaidi ya seva moja, inajua TLS, na kwa wenye tamaa ya alt.binaries inazifahamu pia faili. Kwenye Linux utaikuta katika hazina ya programu ya mfumo wako. Matoleo ya Windows yapo, ila nyumbani kwake hasa ni Linux.

Claws Mail ni programu ya barua pepe nyepesi inayosoma makundi pia. Inafaa kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo. Zaidi ya hapo sina sababu ya kuipendelea.

slrn na tin zinafanya kazi ndani ya teminali, yaani dirisha la amri za maandishi. Usitishike. Skrini nyeusi yenye orodha ya nyuzi ni mahali patulivu sana pa kusomea, na zinaendeshwa vizuri hata kwenye mashine dhaifu au ukiwa umeunganishwa na kompyuta ya mbali kupitia ssh. tin imekuwepo tangu 1991 na ni rahisi zaidi kuanza nayo, kwani menyu ndogo iko chini ya skrini muda wote. slrn, ya John E. Davis, ina mfumo wa alama ulio bora katika zote nilizozitaja, na haishangazi kwamba faili ya alama ya Pan inaufuata. Gharama yake ni kwamba utahariri faili ya .slrnrc kwa mkono, na mara ya kwanza lazima uiambie iunde orodha ya makundi:

slrn --create -f ~/.newsrc

Gnus iko ndani ya Emacs, kihariri cha maandishi cha watengeneza programu. Kama unaishi ndani ya Emacs unaijua tayari. Kama huishi humo, usihamie kwa sababu ya makundi.

Wenye Mac wanabanwa zaidi. Unison, iliyokuwa nzuri kuliko zote upande huo, iliachwa na kampuni ya Panic mwaka 2014, na MT-NewsWatcher ni ya enzi za Mac za kale. Kinachobaki cha uhakika ni Thunderbird, au slrn na tin kupitia Homebrew au MacPorts, mifumo ya kusakinishia programu za aina hiyo kwenye Mac. Upande wa Windows, aliyezoea Outlook Express ajue kwamba Outlook ya leo si mrithi wake katika jambo hili: haisomi makundi.

Hatua ya 6: Mtihani wa jioni moja

Chagua mbili, si zaidi. Zisakinishe zote, ziunganishe na seva ile ile, na zote zijiunge na makundi matatu: moja unalolipenda, misc.test, na news.software.readers, ambalo ni kundi la kujadili visomaji vyenyewe na ndiko utakakouliza ukikwama.

Ukifungua kundi kwa mara ya kwanza, usikubali kupakua muhtasari wa makala zote. Kundi la zamani linaweza kuwa na makumi ya maelfu ya makala. Thunderbird husimama na kuuliza zinapozidi 500. Chukua hizo 500 na zilizobaki uziwekee alama ya kusomwa. Programu isiyouliza wala kukupa kikomo, andika kosa hilo kwenye daftari.

Soma kundi lako kwa nusu saa kwenye programu ya kwanza, kisha nusu saa kwenye ya pili. Kata uzi mmoja. Kata tawi moja. Tengeneza kanuni ya kumpandisha mwandishi mmoja, na uangalie ilikuchukua hatua ngapi tangu ulipokuwa unasoma makala yake mpaka kanuni ikaanza kufanya kazi. Tafuta uzi ambao mada yake ilibadilika katikati uone kama umebaki mzima. Funga programu, ifungue tena: je, inakumbuka ulipoishia, na ule uzi uliokata umebaki umekatwa?

Halafu tuma makala ya majaribio misc.test, na si kwingine, kwa maana hakuna kinachoudhi makundi kama “testing 1 2 3” katikati ya mjadala. Anza mada yako na neno ignore, ili roboti zinazojibu makala za majaribio zikuache. Ndani ya makala weka aya moja ndefu, kiungo kirefu cha tovuti, neno lenye é, emoji moja, na saini yako chini. Ikishatokea kwenye seva, ifungue kwa ile programu nyingine na uangalie chanzo chake. Unatafuta kitu cha namna hii:

From: Msomaji Mpya <msomaji@mfano.invalid>
Newsgroups: misc.test
Subject: ignore =?UTF-8?Q?caf=C3=A9?=
Content-Type: text/plain; charset=UTF-8
Content-Transfer-Encoding: 8bit

Mstari wa mada usikutishe. Hivyo ndivyo é inavyosafirishwa kwa usahihi, na kisomaji cha upande wa pili kitaugeuza kuwa “café”. Cha kuogopa ni kukuta text/html, au charset (mfumo wa herufi) ambayo hukuichagua, au anwani yako halisi ya barua pepe imejipenyeza kwenye mstari mwingine. Pitia pia Message-ID: programu nyingine huiunda kwa jina la kompyuta yako. Kama hutaki jina hilo lionekane, badilisha mpangilio huo au iachie seva iunde yenyewe.

Kwenye mwili, aya ndefu iwe imekatwa kwenye mistari ya herufi sabini na kitu, lakini kiungo kisikatwe. Saini itanguliwe na mstari wenye vistari viwili na nafasi moja tupu baada yake. Nafasi hiyo haionekani kwa macho lakini ndiyo inayojulisha visomaji vingine kwamba hapa makala imeisha.

Mwisho, ijibu makala yako mwenyewe. Kisomaji kilichofundwa kitanukuu kwa alama ya >, kitaiacha saini nje ya nukuu, na kitakuweka mahali ambapo ni rahisi kuandika chini ya maneno unayoyajibu huku ukifuta yasiyohitajika. Zipo zinazokuweka juu kabisa na kuburuta makala nzima chini, kama barua pepe za ofisini. Kwenye makundi utaambiwa, na hutaambiwa kwa upole.

Angalia pia kama vitufe vya kujibu kundi na kumjibu mwandishi kwa faragha vimetengana vya kutosha. Makala iliyokwishatumwa hairudi: agizo la kuifuta lipo, lakini seva nyingi hulipuuza.

Kama mtandao wako hukatika mara kwa mara, ongeza jaribio moja: pakua makala za kundi zima, zima Wi-Fi, soma na andika jibu, kisha washa. Thunderbird inalifanya hili yenyewe. slrn inahitaji slrnpull pembeni yake. Na kwa yeyote, leafnode ni seva ndogo unayoiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe, ikavuta makala usiku na kisomaji chochote kikasoma kutoka hapo.

Hatua ya 7: Kuhama bila kupoteza ulipofika

Huenda ukaanza na Thunderbird na baada ya mwaka ukatamani slrn. Kumbukumbu ya ulichosoma hukaa kwenye faili iitwayo kwa desturi .newsrc, na ndani yake ni rahisi hivi:

comp.lang.c: 1-4521,4530
misc.test! 1-88

Nukta mbili maana yake umejiunga, alama ya mshangao umejitoa, na namba ni za makala ulizosoma. slrn na tin zinaisoma faili hii moja kwa moja. Pan inayo yake ndani ya folda ya .pan2, na Thunderbird nayo hutunza ya mfumo huo ndani ya folda ya wasifu wako. Kwa hiyo ukibadilisha programu na seva ikabaki ile ile, nakili faili hiyo, ipe jina ambalo programu mpya inalitarajia, nawe utaendelea pale pale.

Ukibadilisha seva, namba hizo hazina maana tena, kwa sababu kila seva inahesabu kivyake. Programu itakuonyesha maelfu ya makala “mpya” ambazo ulishazisoma, au itaficha ambazo hujawahi kuziona. Futa namba, acha majina ya makundi, kisha ndani ya programu weka kila kundi alama ya kusomwa lote na uanze upya kuanzia leo. Faili ya alama haina tatizo hilo kama kanuni zake zinategemea majina na maneno, kwa hiyo hiyo ihamishe kama ilivyo, baada ya kuipitia na kufuta kanuni ambazo hukumbuki tena ulimkasirikia nani.